Kuomba Kazi Uliyo Nayo

Wenye kampuni wa kwanza hawakuwa na fomu hata moja. Wa pili walikuwa na fomu ya kuombea fomu. Nimewatumikia wote, kwenye ofisi ileile kando ya barabara ya kwenda Mlimba, na mtu akiniuliza nani walikuwa afadhali huwa nabadilisha mazungumzo, kwa sababu jibu langu hutegemea nani kanichosha wiki hiyo.

Ilikuwa kampuni ya mpunga. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mzee kutoka Asia, yeye na wanawe wawili. Alijifunza Kiswahili cha kufoka kabla ya Kiswahili cha kusalimia. Siku aliyoniajiri aliniuliza mambo matatu: wewe mtoto wa nani, umesoma mpaka wapi, na Jumatatu utafika saa ngapi. Nikamwambia baba yangu ni fundi baiskeli Ifakara mjini, nimesomea mambo ya utumishi Morogoro, na Jumatatu nitafika saa moja. Alichoshika ni saa moja tu. Mkataba sikusaini mpaka mwaka wa pili, tena niliuandika mwenyewe nikamsogezea katikati ya karatasi nyingine asizozisoma.

Kazi yangu wakati ule ilikuwa kusimama katikati. Asubuhi mzee anamfukuza mtu getini, mchana mke wa yule mtu anakuja kulia, jioni yule mtu amerudi kazini na mimi nafuta nilichoandika asubuhi. Mfanyakazi akifiwa, mzee alileta lori la kuni na mchele, akaja mwenyewe kukaa mkekani na waombolezaji mpaka watu waanze kutawanyika. Lakini mzee huyohuyo alimwondoa mama mmoja wa kupalilia siku tumbo lake lilipoanza kuonekana. Nilimwonyesha sheria inavyosema. Aliitazama kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua, akanirudishia. Kwa hiyo kampuni ilipouzwa kwa watu wa Ulaya ya kaskazini, sikulia. Niliagiza mafaili mapya.

Wapya walikuja na sera ya kila kitu. Bosi wangu sasa alikaa Nairobi, dada mmoja mdogo kwangu kwa miaka kadhaa, mwenye akili na mpole, ambaye mpaka leo nimeonana naye uso kwa uso mara mbili tu. Mengine yote ni simu na barua pepe. Agizo lake kubwa la kwanza, mwaka wa tatu tangu wapya wanunue, lilikuwa kwamba wasimamizi wote waombe upya nafasi zao, kisha wafanyiwe usaili kwa njia ya video na watu wasiowafahamu, ili asiwepo wa kubebwa wala wa kuonewa. Kusema kweli nilifurahi. Nilikuwa nimechoka na mambo ya kuangaliana usoni. Nikachapa fomu, nikaanzia ghala la mbegu, maana nilitaka kuanza na mtu rahisi.

Mama wa mbegu, ndivyo tulivyomwita wote, alizaliwa Masagati, huko ndani kupita Mlimba, akaolewa Mchombe, na alikuwa amesimamia ghala la mbegu na vitalu kwa miaka kumi na moja. Elimu yake darasa la saba. Akichukua punje moja ya mpunga akaing'ata kwa meno ya mbele, anakwambia kama gunia limekauka au bado. Kifaa cha kupima unyevu tunacho, lakini siku nyingi kiko kwa fundi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na makaratasi tena."

"Unatakiwa ujaze hii. Ni ya kuomba kazi."

"Kazi gani?"

"Hii. Ya ghala la mbegu."

Akageuka akaangalia magunia, halafu akaniangalia mimi. "Nani kaichukua?"

"Hakuna aliyeichukua, mama. Ni yako."

"Sasa naiomba ya nini?"

Nilimweleza habari za utaratibu mpya na haki kwa wote. Alinisikiliza kwa heshima, kama mtu anavyomsikiliza mgeni aliyepotea njia. Mwisho akakubali nimjazie. Tulikwenda vizuri mpaka sehemu ya mafanikio yako katika miaka mitatu iliyopita.

"Andika hivi," akasema. "Mwaka wa mafuriko tuliokoa mbegu yote. Tulihamisha magunia siku mbili, hata moja halikulowa."

"Wanataka ujisemee mwenyewe. Niandike niliokoa."

"Niliokoa na nani? Nilibeba magunia peke yangu? Waandike wenzangu." Akaanza kunitajia majina, wanawake kumi na wawili, mmojammoja, hata aliyekuwa ameshahamia Mlimba.

Fomu ilikuwa kwenye kompyuta, na kisanduku kilikuwa na nafasi ya mistari mitatu. Nikaandika "niliokoa". Sikumsomea.

Usaili ulifanyika kwenye chumba cha mikutano, siku ya Jumanne. Kwenye skrini walikuwepo watatu: mzungu mmoja wa makamo, mwanamke mwenye miwani, na kijana wa Kihindi aliyekuwa akiongea kutoka nchi nyingine kabisa. Kwa upande wetu alikuwepo meneja wa shamba, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa mama wa mbegu. Ni Mtanzania mwenzetu, msomi wa kilimo, familia yake ilihamia huku bondeni kwetu na ng'ombe zamani, mtu asiyecheka ovyo. Mimi nilikuwa mkalimani. Maswali yalikuwa yameshapitishwa makao makuu, nami nilikuwa nimeshayatafsiri na kupeleka tafsiri.

Mama wa mbegu aliingia na kitenge cha kwendea kanisani. Kabla hajakaa akawasalimia wale wa kwenye skrini, mmoja baada ya mwingine, akisubiri kila mmoja ajibu. Akauliza hali za nyumbani kwao. Yule mzungu alishtuka kidogo, halafu akaanza kueleza kwamba mkewe anaendelea vizuri baada ya kuvunjika mkono. Mama wa mbegu akampa pole. Nikawa natafsiri pole na shukrani mpaka dakika nane za usaili zikaisha.

Maswali mawili ya kwanza yalipita. La tatu nikamsomea kama nilivyoliandika: "Udhaifu wako ni upi?"

Akafikiri. Hakuwa mtu wa kujibu haraka.

"Magoti," akasema. "Hasa la kushoto. Kukiwa na unyevunyevu linakaza, nikichuchumaa kitaluni mpaka mtu aninyanyue."

Nilitafsiri. Ndiyo kazi yangu, nikatafsiri na la kushoto. Kule kwenye skrini kalamu zikasimama. Mwanamke mwenye miwani akainua mkono, sauti ikakatwa, tukabaki tunaangalia midomo yao ikicheza. Waliporudi walimshukuru sana mama wa mbegu, wakasema usaili umeishia hapo.

"Nimeshinda?" akaniuliza tukiwa kwenye korido.

"Sijui, mama."

Bosi wa Nairobi akapiga kabla sijafika mezani kwangu.

"Dada, hiyo stori ya magoti ni shida."

"Shida gani? Anafanya kazi na magoti hayo kila siku."

"Si hiyo. Ametoa habari za afya yake kwa paneli, na habari za afya paneli haifai kujua. Sasa wakimnyima kazi itaonekana wamemnyima juu ya magoti. Wakimpa, itaonekana wamemhurumia. Huo usaili umefutwa. Atafanya mwingine, na watu wengine, wasiojua hayo mambo."

"Basi nitamwambia asitaje magoti."

"Hapana, huwezi mwambia la kujibu. Hiyo itakuwa ni kumsaidia, si haki kwa wengine."

"Kwa hiyo nimwambie asiseme magoti bila kumwambia asiseme magoti?"

"Eeh," akasema. "Fanya hivyo tu."

Niliweka simu chini nikatoka nje nikazunguka ofisi mara mbili. Yule mzee wa zamani, siku aliyomwona mama wa mbegu anainuka kwa shida, alimfokea mbele ya watu kwamba amezeeka, na kesho yake akamletea kiti cha plastiki. Mambo yakaisha hapo. Nikamkumbuka kwa hamu. Halafu nikakumbuka na yule mama wa kupalilia alivyoondoka amebeba kanga yake mkononi, na hamu ikaniishia. Sikuwa na upande wa kukimbilia. Hasira yangu ilikosa hata pa kukaa.

Siku ya tatu ndipo nikaenda ghalani kumwambia.

"Usaili utarudiwa, mama."

"Kwa nini? Nilikosa?"

"Hukukosa. Ni utaratibu."

"Ni magoti," akasema. Hakuwa mjinga. "Niliona nyuso zao. Waliniuliza, nikajibu. Sasa wameyakataa magoti yangu?"

"Hawajayakataa. Wanataka iwe kama hawakuyasikia."

"Watu wazima watatu na masikio yao." Akasonya, akaendelea kushona mdomo wa gunia. Akasema, bila kuinua macho, "Na wewe ndiye uliyeniuliza udhaifu. Mtu dhaifu si mgonjwa? Ulitaka nikutajie nini?"

Siku tatu nzima nilikuwa nimewasema Wazungu, nimemsema dada wa Nairobi, nimemsema mpaka mume wangu ambaye hajawahi kukanyaga kampuni ile. Na neno lilikuwa langu. Nilikuwa nimechukua neno la Kiingereza, nikaweka la kwanza lililonijia, nikapeleka. Hakuna makao makuu yaliyoniandikia "udhaifu". Nilimwomba radhi. Akasema haina shida, ila nimshikie upande wa pili wa gunia.

Nikakaa nikaliandika swali upya: katika kazi yako hii, ni jambo gani bado linakushinda? Nikalipeleka Nairobi lipitishwe. Nairobi wakataka nilirudishe kwenye Kiingereza waone. Nikarudisha. Wakasema halifanani na swali la awali. Nikasema najua, ndiyo sababu nimelibadilisha. Barua zikaenda na kurudi zaidi ya wiki nzima kwa swali la mstari mmoja, mpaka mtu fulani huko juu, nadhani kwa kuchoka, akakubali.

Usaili wa pili ulikuwa na nyuso nyingine tatu. Salamu zikaanza upya. Meneja wa shamba alikaa palepale pa mwanzo, mkono wa kulia wa mama wa mbegu, mikono juu ya meza. Tukafika kwenye swali langu, nami nikalisoma kwa sauti ya mtu aliyelipigania.

"Linalonishinda," mama wa mbegu akasema, "ni kuletewa mbegu wakati wa kusia umeshapita. Mbegu inafika mvua zimeshakolea, kitalu kimejaa maji, halafu miche ikiwa dhaifu wanauliza nani msimamizi. Mwaka jana nilisema mara tatu. Nikaambiwa nisubiri. Meneja huyu hapa ni shahidi, yeye ndiye niliyemwambia."

Hakusema kwa ubaya. Alimtaja kama unavyomtaja jirani aliyekuwepo. Meneja aliinua macho akaitazama kalenda ukutani, na hakuyaondoa macho hapo mpaka tulipomaliza. Mimi nikatafsiri yote, hata ile "mara tatu" na "shahidi", na kwenye skrini wale watu wakaanza kutabasamu. Mmoja alijisogeza karibu na kamera. Walisema ni nadra kupata mtu anayesema wazi mbele ya mkubwa wake. Walimpa alama za juu kuliko wasimamizi wote.

Siku ileile meneja akaingia ofisini kwangu, akafunga mlango.

"Ulikuwa na haja gani ya kutafsiri yote?"

"Ndiyo kazi niliyopewa, meneja."

"Kazi yako ni watu. Umekaa bondeni hapa maisha yako yote. Unajua kabisa neno kama lile linavyopelekwa. Linapita kwa mtu, linafika taratibu. Halimwagwi mbele ya wageni mtu akiwa amekaa hapohapo."

Nilikasirika, zaidi kwa sababu alikuwa amesema kweli. Hakumfanyia mama wa mbegu ubaya wowote unaoweza kuandikwa kwenye fomu. Maombi yake aliyasaini kwa wakati. Ila aliacha kupita ghalani. Akitaka kitu anamtuma dereva. Wakikutana njiani anaangalia simu.

Baada ya wiki mbili mama wa mbegu akaja kwangu. "Nataka kwenda kwa meneja kumwomba radhi. Unisindikize."

"Radhi ya nini, mama? Ulisema uongo?"

"Nilisema kweli. Lakini nilimsema akiwa hana pa kujibia. Angejibu nini pale, na wale wanaandika?"

Hapo nikafanya kosa. Nikaipigia simu Nairobi kuuliza kama kuna tatizo.

"Asiende!" bosi akasema. "Akiomba msamaha itaonekana amelazimishwa. Huyo mama analindwa na sera, kwa sababu ametoa taarifa dhidi ya mkubwa wake. Wacha nitume fomu. Na huyo meneja atapata barua."

"Dada, hakuna aliyelazimishwa. Anataka mwenyewe."

"Hata hiyo ndiyo watu husema wakilazimishwa."

Nikasema mtandao unakata. Haukuwa unakata. Nikazima simu.

Jumamosi tulichukua bajaji pamoja mpaka nyumbani kwa meneja, Ifakara. Mama wa mbegu alikuwa amebeba mchele wa shambani kwake, kilo tano hivi, kwenye mfuko wa kitambaa. Njia nzima nilikuwa nikiutazama mfuko ule, maana mfanyakazi wetu haruhusiwi kumpa mkubwa wake zawadi bila kuitolea taarifa, na taarifa ina kurasa mbili. Mke wa meneja alitupokea vizuri, akaupokea na mchele bila kujua kwamba ana kosa la kinidhamu mkononi. Tukanywa chai. Tukaongea habari za barabara, za watoto, za nani kalazwa hospitali. Kama saa nzima ilipita hivyo. Halafu mama wa mbegu akaweka kikombe chini.

"Baba, nimekuja kwa lile neno la siku ile. Nililisema pasipo mahali pake. Nisamehe."

Meneja akajifuta uso kwa kiganja. "Yameisha, mama," akasema. "Yameisha kabisa." Kisha akanigeukia mimi, si yeye. "Ila na wewe ujue. Mbegu hiyo niliiomba mapema miaka yote miwili ya hawa wapya. Nina barua. Ofisi ya ununuzi Dar es Salaam wakanijibu ombi limepelekwa Ulaya kusubiri idhini."

"Meneja! Kwa nini hukusema palepale? Walikuwa wamekaa mbele yako watu wa Ulaya haohao!"

"Ule ulikuwa usaili wangu?"

"Hapana, lakini..."

"Nimwaibishe mwajiri wangu mbele ya mtu anayeomba kazi? Wewe ungefanya hivyo?"

Mama wa mbegu alikuwa anatikisa kichwa kumkubalia. Walikuwa wamekubaliana wao wawili, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naona kwamba kila mtu amekaa na ukweli wake mfukoni, mmoja kausema akapongezwa na waliosababisha, mwingine kaunyamazia akaonekana ndiye mkosaji. Nilitaka kupiga meza. Ilikuwa meza ya watu, na chai ilikuwa tamu. Nikaomba nyingine.

Jumatatu niliandika barua ndefu Nairobi, nikaambatanisha na barua za meneja alizonipa. Niliandika kwa Kiingereza safi, bila kumlaumu mtu, nikieleza kwamba watu waliomsifu mama yule kwa uwazi ndio waliochelewesha mbegu. Bosi wangu alinipigia mwenyewe, sauti imeshuka. Alisema nimeandika vizuri, amesikitika kweli, na ile fomu na barua ya meneja ameziacha, lakini ununuzi si idara yetu. Ataipeleka kwa wanaohusika. Kama ilifika, sijui. Mbegu ya msimu uliofuata ilikuja mapema kidogo kuliko ile ya nyuma, na hakuna aliyeandika kwa nini.

Mama wa mbegu alipata barua yake ya kuthibitishwa, akaniuliza kama sasa ni kazi ileile au nyingine. Nikamwambia ileile. Akaikunja. Meneja alianza kupita ghalani tena, ingawa huongea naye habari za kazi tu na kuondoka, na yeye mama anasema hivyo inatosha, hakutaka wawe ndugu.

Kitu cha mwisho kilitoka kwenye mfumo wenyewe, bila mtu kuamua. Kwa kuwa jina la meneja lilikuwa limetajwa kwenye kumbukumbu za usaili, kompyuta ya makao makuu ilimwandikisha kwenye mafunzo ya namna mkubwa anavyopaswa kupokea maoni kutoka kwa wa chini yake. Masomo sita, kwa Kiingereza, na picha za watu wanaotabasamu ofisini. Niliomba aondolewe. Nikajibiwa kwamba mtu akishaandikishwa haondolewi mpaka amalize. Alimaliza, akikaa mbele ya kompyuta wakati wa chakula cha mchana siku sita mfululizo, bila kulalamika kwa neno moja. Akakichapa cheti, akaja kukiweka mezani kwangu, akasimama.

Nikakitoboa matundu mawili, nikakiweka kwenye faili lake.

"Haya," akasema, akatoka.